Kumi na Tisa Walijibu Hapana

Mwanamke yule aliingia ofisini bila kubisha, viatu vya mpira vya kazini bado miguuni. "Nani hapa anasaini zile karatasi za wanyama?"

Wenzangu wa kitengo cha ubora walikuwa wamekwenda kula. "Ni mimi. Karibu, dada. Una miadi?"

"Miadi ya nini? Mimi naosha vizimba."

Kampuni yetu inatengeneza shampuu ya watoto. Kwenye chupa kuna picha ya sungura na maneno "haijajaribiwa kwa wanyama". Kuhakikisha maneno hayo ni kweli ndiyo kazi yangu ya kwanza tangu nimalize chuo. Kila muuzaji wa malighafi hujaza fomu niliyoitunga mwenyewe: je, kiwandani kwenu mnajaribu bidhaa kwa wanyama? Wote kumi na tisa walijibu hapana, nami nikatembea wiki nzima kifua mbele.

Alinionyesha picha kwenye simu yake: dumu la dawa ya povu, lenye lebo ya mmoja wa wauzaji wetu, jina la shampuu yetu na namba ya shehena ninayoijua.

"Wao hawajaribu," alisema. "Wanatuletea sisi kule maabara, tunawajaribia. Hawajakudanganya, mdogo wangu. Hukuwauliza wanaipeleka wapi."

Masikio yaliniwaka. "Sungura wangapi?"

"Wiki hii thelathini na wawili. Wanabanwa shingo, wanatiwa matone machoni, wanaachwa hivyo hivyo. Jana namwogesha mwanangu, nageuza chupa, namkuta sungura anacheka. Nikasema huyu anacheka nini?"

Sote wawili tulitaka kucheka, tukashindwa.

"Usisaini mpaka uje uone," alisema. "Mimi muosha vizimba nani atanisikiliza? Msimamizi hutoka Alhamisi tu, saa nane mchana. Nitakufungulia mlango wa nyuma."

"Nitakuja," nilijibu haraka, kama mtu anayeitikia salamu.

Tangu hapo sikutulia. Nilimwandikia muuzaji huyo, akajibu kwamba fomu yetu aliijaza kikamilifu. Nikamwendea bosi, tunayemwita Kalenda kwa sababu kila kitu kwake ni tarehe.

"Fomu mpya utatunga mwakani," alisema. "Alhamisi saa nane wanunuzi wakubwa wanakuja, na wewe ndiye utakayesaini na kuwasomea tamko kwamba shampuu haijajaribiwa kwa wanyama. Ukimaliza, nakupa mkataba wa kudumu."

Nyumbani nilizunguka jikoni nikisimulia yote hadi dada yangu, ambaye ndiye hulipa kodi ya vyumba vyetu viwili, akaweka mwiko chini.

"Kaa, unanitia kizunguzungu. Wewe mende tu humuui, unamfungulia dirisha. Pata mkataba kwanza, halafu okoa sungura."

"Nilimwahidi, dada."

"Umemwahidi nani? Mtu ambaye hata jina lake hulijui?"

"Yule yule."

Alikoroga sufuria muda mrefu. "Mwaka mzima nimewaambia watu mdogo wangu ana kazi," alisema. Hakuniambia niende, wala hakuniambia nisiende.

Alhamisi, saa saba na nusu, chupa zilikuwa zimepangwa mezani, sungura wote wakitazama mlango. Kalenda aliniwekea tamko mbele, na kalamu juu yake.

"Saini upesi, wageni wako chini mapokezi."

"Bosi, siwezi kusaini kitu ambacho sijakiona. Nakwenda kukiona sasa hivi."

"Sasa hivi? Akili zako ziko likizo?"

"Msimamizi wao hatoki siku nyingine. Nikirudi nitawaeleza wanunuzi nitakachokuwa nimekiona, kiwe kizuri au kibaya."

Alishusha sauti, kama mwenye huruma. "Binti, ukitoka mlango huo, usijisumbue kurudi."

Nilimwamini. Niliwaza juu ya dada na sufuria yake, nikainuka hivyo hivyo. Niliusukuma mlango unaovutwa, na Kalenda akanitazama nikihangaika nao.

Sehemu ya njia nilikimbia. Saa nane kasoro dakika tatu nilifika nyuma ya maabara, kwenye ukuta mweupe usio na kibao. Mwanamke yule alikuwa amesimama mlangoni, funguo mkononi, akitazama upande ambao mimi sikutokea.

"Dada," nilimwita.

Aligeuka, akanitazama toka juu hadi chini, jasho na vumbi langu lote. "Nilishajiambia huji."

"Hata mimi nilijiambia hivyo."

Alinipa koti la plastiki na barakoa, akafungua mlango, nikaingia.