Bomba la Ukurasa wa Thelathini na Moja

Miaka kumi na moja mfululizo Chiriku alisoma darasa la nne, wala hakuna mkaguzi aliyeuliza kwa nini hapandi darasa. Alikaa ukurasa wa thelathini na moja wa kitabu cha sayansi, mashavu yamevimba, akipuliza mrija ndani ya glasi ya maji ya chokaa ili wenzake waone pumzi ya mtu inavyoyageuza meupe. Baba yake, mchoraji wa vitabu vya shule, alimchora kwenye meza ya jikoni huku akimsihi anyamaze kidogo, maana jina hilo la ndege hakulipata bure. Mwaka uliofuata pumu ikamchukua.

Picha ya ukutani nyumbani ilikuwa ya marehemu. Ya kitabuni ilikuwa ya mwanafunzi. Mama yake alifundisha sayansi darasa hilohilo, na kila mwaka somo la pumzi likifika alivaa gauni lake zuri kuliko yote. Watoto wakimwuliza huyu ni nani, huwajibu, "Mwenzenu." Kisha anagawa mirija.

Ndipo ikaundwa kamati ya kupitia vitabu. Watu saba, chai tele, na hakuna hata mmoja aliyewahi kushika chaki. Mchoraji aliitwa na penseli zake akae pembeni asubiri maagizo.

"Pumzi ni amana ya Mungu," alisema mzee aliyewakilisha viongozi wa dini. "Leo tukiwafundisha watoto kuijaribu kwenye glasi, kesho watauliza roho nayo inajaribiwa wapi. Picha hii itoke."

Mheshimiwa mbunge, ambaye ukurasa wenyewe alikuwa hajaupata bado, alidakia papo hapo. "Basi hapo tuweke bomba la maji. Nimezindua mabomba arobaini, na hakuna kitabu hata kimoja kinachoyataja."

Kila mmoja akapata lake, wakapeana mikono. Mchoraji alitaka kusema, akaishia kuchonga penseli. Aliona haya kumtoa mwanawe mbele ya watu wale kama mtu anayetoa cheti cha daktari ili ahurumiwe.

Mzee alimfuata hadi kwenye korido. "Fundi, yule mtoto ulimtoa wapi? Macho yake yananifuata."

"Ni binti yangu. Alifariki."

Mzee alishika ukuta. "Mbona hukusema, mwanangu?"

"Ningesema, mngemwacha?"

Mzee hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo panapouma, maana mtu mbaya unamtukana ukapata nafuu. Alisema atamwombea mtoto. Alimaanisha kabisa, akarudi ndani kutia saini.

Bomba lilichorwa kwenye meza ileile ya jikoni, kwa siku tatu. Mkewe alipita na daftari za kusahihisha akachungulia. "Unachora nini?"

"Bomba."

"Limependeza," alisema, akaendelea na kazi zake.

Angeweza kumwambia pale pale. Alisema moyoni atamwambia Ijumaa. Ijumaa wakaja wageni. Akasema baada ya likizo, na baada ya likizo mama wa watu alionekana mchangamfu, nani amharibie siku? Alipiga danadana miezi mitano, akijidanganya kwamba anamwonea huruma mkewe, kumbe anajionea mwenyewe.

Siku aliposikia vitabu vipya vimefika shuleni, alikimbia hadi pumzi zikamwishia. Alichelewa. Kupitia dirishani alimwona mkewe amevaa lile gauni, glasi zimepangwa mezani, kitabu kipya mkononi. Aligeuza ukurasa nyuma, akaugeuza mbele, akarudia tena. Mtoto mmoja wa mbele akauliza, "Mwalimu, tusome?"

"Someni," alisema. Darasa zima likasoma kwa sauti kwamba bomba huleta maji safi na maendeleo.

Kengele ilipolia na watoto wakatoka, mchoraji aliingia.

"Umechora wewe," mkewe alisema. Mkono wake aliujua, na lile bomba la meza ya jikoni alilikumbuka.

"Walinilazimisha, Mama Chiriku."

"Hao siwasemi." Alikuwa akizimwaga glasi moja moja ndani ya ndoo. "Mwezi uliopita tuliambiwa tukusanye vitabu vya zamani, vinakwenda kusagwa. Nikajua vimechakaa tu. Nilivifunga kamba kwa mikono yangu, Baba Chiriku, huku nikipiga soga na wenzangu. Ungeniambia, ningemuaga."

Mchoraji alisema alitaka kumwepusha na uchungu.

"Na siku ile hospitalini ulisema hivyo hivyo. Nilikuwa humu humu nafundisha, ukaona usinisumbue mpaka kipindi kiishe. Nikaja nikamkuta ameshafunikwa." Alinyanyua ndoo. "Mara mbili sasa hukuniita."

Alimwomba asogee mlangoni, watoto wa kipindi kinachofuata wapate kuingia.