Alama ya Njaa

Alama tatu za penseli zilikuwa mahali pamoja, mwanzo kabisa wa mstari wa kupimia njaa, palipoandikwa "Sina njaa hata kidogo." Jumatatu ya glukosi, shangazi hakuwa na njaa. Jumatatu ya sukari ya matunda, hakuwa na njaa. Jumatatu ya maji matupu, akiwa hajatia kitu mdomoni tangu jana yake, bado hakuwa na njaa.

"Huyu ni mtu au jiwe?" profesa wangu aliuliza. "Sukari yake ya damu inapanda na kushuka vizuri, lakini njaa haisogei. Jumatatu ijayo akirudia hivi, tunamwondoa."

Nilihitaji watu kumi na wawili kwa utafiti wangu wa aina za sukari na njaa, na shangazi, aliyenilea tangu nina miaka minne, alikuwa wa kumi na mbili. Akiondolewa, kazi yangu ya mwaka mzima ingekwenda na maji.

Utaratibu wenyewe haukuwa na ugumu. Mtu anakunywa kikombe kimoja cha maji, yenye sukari ya siku hiyo au matupu, anachomwa kidole kila nusu saa, anaweka alama ya njaa yake, na baada ya saa mbili anapewa chakula ale mpaka atosheke. Shangazi alikula vijiko vitatu tu, akafunika sahani na kushukuru kana kwamba ametoka karamuni.

"Nimeshiba mpaka hapa," alisema, mkono shingoni.

Jumatatu hiyo ya tatu nilichungulia dirishani nikamwona kwenye benchi la uani, ameligeuzia jengo mgongo, mkoba wazi mapajani, anashughulika na mkate kwa mikono miwili. Nilishuka ngazi mbiombio.

"Shangazi!"

Alimeza kwa shida. "Nauonja tu."

"Umeonja nusu mkate?"

"Leo nusu. Siku ya kikombe cha kwanza vilinitosha vipande viwili. Kile cha pili, mwanangu, kilinitesa! Niliumaliza wote nikaenda dukani kutafuta mwingine."

Tofauti niliyoitafuta mwaka mzima ilikuwa imejificha kwenye mkoba wa shangazi yangu.

"Mbona hukusema?"

"Niseme nina njaa mbele ya wenye makoti meupe? Waje kudhani kwenu hakuna chakula?"

Nilitaka kumgombeza, nikashindwa. Tulikuwa watoto watano na sufuria moja. Kila tulipomuuliza mbona hali, alijibu, "Mimi nilikula nikipika." Nami, mpima njaa wa kusomea, sikuwahi kulitilia shaka jibu hilo. Niliona aibu pale uani.

Jumatatu ya nne ilikuwa ya sukari ya kawaida. Wakati wa alama ya mwisho, aliishika penseli akautazama mstari kwa muda.

"Hii ni njaa ya leo tu, au na ya zamani?"

"Ya leo tu, shangazi."

"Basi mstari utatosha."

Akaweka alama karibu na mwisho. Chakula kilipokuja alimaliza sahani ya kwanza, akaninyooshea. "Niongezee," alisema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nilimwongezea huku machozi yananilenga.

Alipofika katikati ya sahani ya pili, alinitazama.

"Na wewe?"

"Mimi nimekula, shangazi."

"Saa ngapi?"

Nikaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangika tayari. Akachomoa moja yenye mstari usio na alama, akaisukuma mbele yangu, akaweka penseli juu yake.

"Weka alama."