Maji Yaliyohama

Baada ya mumewe kuzikwa, mshonaji alirudi kwenye cherehani yake kama vile hakuna kilichotokea. Wateja walimpa pole, akapokea. Waliomsihi alie aliwajibu, "Nitalia," kwa sauti ileile aliyoahidia kufupisha suruali. Kifuani hapakuwa na uchungu wala nafuu. Palikuwa kimya tu.

Kilichomwinua kitini ni gari. Marehemu aliacha gari kuukuu la dizeli, linalovuta kwa magurudumu yote manne, na ndilo pekee lililoweza kuupanda mlima hadi hospitali alikokuwa akitibiwa macho mama mkwe. Lakini gari lilikuwa linakunywa maji. Ukijaza rejeta asubuhi, hujafika kileleni sindano ya joto imeshapanda. Ukichungulia chini ya gari, pakavu, hata tone hulioni.

"Gasketi imeungua," alisema shemeji yake, mdogo wa marehemu, dereva wa lori. "Injini inayala maji kwa ndani. Tuishushe, gari likae pembeni, yaishe."

"Kuna fundi ameliangalia?"

"Fundi wa nini, shemeji? Mimi si ninashinda kwenye magari?"

"Na mimi nimevaa viatu maisha yangu yote," alidakia mama mkwe kutoka barazani, "lakini sijawahi kushona hata kandambili."

Akaitwa Fundi Kobe. Jina hilo alipewa na wateja waliochoka kumngoja, naye akalipenda. Alisalimia kila mtu, akalizunguka gari, akasalimia tena. Kisha akachomoa kijiti cha kupimia oili.

"Nyeusi tii. Maji yangeingia humu, ingekuwa kama chai ya maziwa."

Akawasha injini, mfuniko wa rejeta ukiwa wazi. Hapakuwa na mapovu, wala moshi mweupe kwenye ekzosi.

"Gasketi haina kosa. Maji hayafi, dada, yanahama. Tutafute yalikohamia."

Alizima injini, akafunga kwenye mdomo wa rejeta pampu ndogo ya mkono yenye geji, akampa shemeji apampu hewa ndani. Mshonaji akashika tochi. Walipapasa mpira wa juu na wa chini, wakachunguza pampu ya maji, wakafuata kila kiungo kwa kidole. Kukavu. Lakini sindano ya geji ilikuwa inashuka taratibu.

"Kioo cha mbele kilikuwa kinaweka ukungu?" Kobe aliuliza.

"Ndiyo. Hata jua likiwaka. Mume wangu alikuwa anakifuta kwa mkono wa shati."

"Na harufu?"

"Tamu tamu. Nilidhani ni mafuta yake ya nywele."

Kobe akafungua mlango wa abiria, akainua kapeti. Sponji ya chini yake ilikuwa imelowa chapachapa, na alipoibonyeza yakatoka maji ya kijani, yaleyale ya rejeta.

"Hita hiyo," alisema. "Ule mfano wa kirejeta kidogo nyuma ya dashibodi, wa kupasha joto humu ndani. Kimetoboka. Kinamwaga, kapeti linameza. Chini utaona nini?"

Hapo ndipo mshonaji alipokuwa akikaa safari zote, miguu juu ya maji asiyoyajua. Aliweka kiganja kwenye sponji, akangoja kitu kimjie. Hakikuja.

Nyuma yao shemeji alikuwa bado anapampu.

"Basi, utapasua mipira!" Kobe alimwambia.

Aliacha, akakaa chini palepale. "Shemeji, nilikuwa naomba iwe gasketi."

"Kwa nini?"

"Gari lingebaki hapa. Sitaki kuona mtu mwingine kwenye kiti cha kaka."

Akaangua kilio, mtu mzima na ndevu zake. Mshonaji alimtazama kama anavyotazamwa mtu wa upande wa pili wa barabara. Akampa kilichokuwa karibu, kitambaa cha Kobe. Shemeji akajifuta machozi, uso mzima ukageuka mweusi kwa grisi. Mama mkwe alishuka kwa kupapasa, akamshika kidevu, akamsogezea macho.

"Huyu ni mwanangu au ni sufuria?"

Kicheko kilimtoka mshonaji, kifupi kama kwikwi. Kikakoma, ukimya ukarudi mahali pake.

Hita nyingine isingepatikana siku hiyo. Kobe aliamua kuiruka iliyotoboka: akachomoa mipira miwili iliyokwenda kwenye hita, akaiunganisha kwa kipande cha bomba, na kwa kuwa pale palikuwa pembamba, klipu zikakazwa kwa vidole vyembamba vya mshonaji. Wakajaza rejeta, wakatoa hewa, wakapampu tena. Sindano ya geji ikasimama, haikushuka.

Shemeji ndiye aliyemfungulia mshonaji mlango wa dereva. "Kaa wewe, kaka alikufundisha," alisema. "Mimi nitakaa huku kwenye bwawa."

Wakaupanda mlima. Sindano ya joto ilibaki katikati, haikutikisika. Baridi ilikuwa kali, hita haipo, na kwenye kiti cha nyuma mama mkwe alilalamika bila kupumzika: wanamponya macho ili afe akiona.

Kileleni mshonaji alisimamisha gari, akafungua boneti ingawa hapakuwa na haja. Kila kiungo kilikuwa kikavu. Akaushika mpira wa juu, akaung'ang'ania mpaka akalazimika kuuachia.

"Vipi?" shemeji aliita kutoka ndani.

"Moto," alisema, akipuliza kiganja. "Moto sana. Umeniuma."

"Basi funga, mama atachelewa."

Akafunga boneti, akarudi kwenye usukani.