Hukumu ya Tanga

Mahakama ya Tanga ilikata: Pandu amrudishie mtalaka wake, Mwatum, cherehani aliyokimbia nayo kwao Makunduchi. Mwatum akaivukisha hukumu mpaka Unguja. Karani wa mahakama ya mjini akaishika kwa ncha za vidole, kama dagaa aliyeoza.

"Hukumu ya bara hapa haina nguvu, Bi."

"Mwizi wa bara mbona mnampokea?"

Karani akajitia kutafuta kalamu.

Mwatum akapanda gari la shamba. Makunduchi ilikuwa Mwaka Kogwa, siku wanaume wanapomaliza vinyongo kwa kuchapana magomba na wanawake kwa nyimbo. Akaanzisha: "Pandu fundi, tushonee shimizi." Kiwanja kizima kikaitikia, mama yake Pandu akiwa wa kwanza.

Jua halijazama, Pandu kaja, cherehani kichwani.

"Chukua. Wanyamazishe."

"Weka chini. Mkasi wangu uko wapi?"