Komite Ilipiga Kura Juu ya Miguu Yangu

Mu kanisa yetu ya Baraka kila kitu kinapigiwa kura. Rangi ya pazia, kura. Nani atapika sombe ya Pasaka, kura. Kuna mbuzi alikula maua ya harusi, naye akapigiwa kura, akapata adhabu. Basi sikushangaa komite ilipokaa kupiga kura juu ya kipande cha chuma cha gari. Nilishangaa tu kuona hakuna hata mumoja aliyeuliza kile chuma kinakaa karibu na nini.

Mi naitwa Déogratias, shofere wa Land Cruiser ya kanisa. Ni pick-up ya zamani, kabini ya bantu batatu mbele, mabenchi nyuma. Inabeba korali, bagonjwa, mihogo, maiti, na siku zingine Baba Pasta peke yake na mukoba wake. Siku moja ya mvua tulikuwa tunarudi kutoka Lweba, korali nzima iko nyuma, pamoja na magunia ambayo bamama baliyaficha chini ya makanzu ya kuimbia. Tukanasa mu matope. Nikakanyaga mafuta, moteri ikalia, gari ikakataa kusogea, na harufu ya kuungua ikajaa kabini. Baba Pasta Jérémie akauliza nani anakaanga ndagala.

"Hapana, Baba Pasta. Ni ambreyaji inakufa, ile klachi."

Fundi wetu ni Nibizi, Murundi wa kambi ya bakimbizi ya Lusenda, anatengeneza magari karibu na soko. Kazi anaijua, lakini ana ugonjwa mumoja: hapendi kukasirisha muntu. Ukimuuliza kama gari itafika, anakuangalia uso kwanza ajue unataka jibu gani. Akateremusha boite, lile sanduku la gia, akatoa diski ya ambreyaji. Ilikuwa imekwisha kama soli ya kiatu cha mwalimu. Hiyo haikuwa shida, diski mupya iko ku maduka. Shida ilikuwa volan. Sisemi usukani ule ninaoshika mukononi, nasema volan ya moteri, ile sahani nzito ya chuma inayozunguka nyuma ya moteri, diski ya ambreyaji inaishikilia ndipo gari inakwenda. Uso wake ulikuwa na madoa ya bluu kwa kuchomeka, na karibu na matundu ya bulon, zile bolti za kuifunga, kulikuwa nyufa nyembamba kama unywele. Nikapitisha ukucha. Ukucha ukakwama.

"Nibizi, hii inabadilishwa ao inakwanguliwa?"

"Kubadilisha ni muzuri," akasema. Halafu akamuona Mama Constance, mukubwa wa korali, amesimama nyuma yangu na mikono kiunoni. "Lakini hata kukwangua ni muzuri."

Mama Constance alikuwa na sababu yake. Mukutano wa makorali ku Fizi ulikuwa karibu. Volan mupya ingetoka Bujumbura, na ingefika bantu ba Fizi bamekwisha kuimba, kula na kulala. Lakini Uvira iko mashini ya kuzungusha chuma na kukikwangua mpaka uso wake unakuwa sawa. Unaituma leo, kesho imerudi.

"Na nyufa?" nikauliza.

"Kama ni za juu tu, zitatoka," Nibizi akasema. "Kama zimeingia ndani, hazitatoka."

"Na hizi ni za juu ao za ndani?"

Akaniangalia mi, akamuangalia Mama Constance. "Inategemea," akasema, akaenda kutafuta kitambaa cha kupangusia mikono ambacho kilikuwa begani mwake.

Ndiyo kitu kikapanda mu komite, na korali nzima ikaja. Volan ikawekwa ku meza mbele ya altari, kwenye gazeti, na bazee bakaiwekea mikono na kuiombea kama mugonjwa wa malaria. Baba Pasta aliomba kwa sauti kubwa sana. Baliposema amina mikono ya bote ilikuwa nyeusi, na mashati nyeupe ya Siku ya Mungu yakapata habari.

Nikasimama. "Baba Pasta, bazee, bamama. Mulima wa Fizi munaujua. Pale moteri inalia na nguvu yake yote. Volan yenye ufa ikizunguka vile, inaweza kupasuka. Na ikipasuka haiombi ruhusa, inatoboa chini ya kabini. Na pale chini ya kabini iko nini? Iko miguu yangu."

Bakacheka. Haki ya Mungu, bakacheka.

"Papa Déo," Baba Pasta akasema kwa upole, "Petro alitembea juu ya maji."

"Petro alizama, Baba Pasta. Na alizama na miguu yake yote miwili."

Hiyo haikunisaidia. Kura ikapigwa. Mwenye kutaka volan ikwanguliwe, anyooshe mukono. Korali nzima ikanyoosha, msitu wa mikono. Kati ya ile mikono nikaona mumoja wenye bangili ambayo nilinunua mi mwenyewe. Ulikuwa mukono wa Solange, muke wangu. Iliniuma. Sitafuti neno la kupamba, iliniuma ndani kabisa, na nikakaa chini bila kungojea bahesabu.

Ku nyumba nikamungojea mu mulango.

"Umepigia kura miguu yangu, Solange."

"Miguu yako!" Akatupa mukoba ku kiti. "Tangu unioe unakufa. Leo mugongo, kesho jino, sasa miguu. Kama ungekufa kila mara uliposema unakufa, mi ningekuwa mujane kupita bajane bote ba Baraka."

"Basi itakuwa ya kweli mara hii."

Akasogeza mukoba, akakaa ku kiti. Alipoanza tena sauti ilikuwa imeshuka. Yeye ni mutoto wa Fizi. Kule iko mama yake na dada zake, banaosema kwamba aliolewa na harufu ya mafuta ya mazutu, kwamba sauti yake nzuri ya utoto ilikwenda kupotelea mu gari la bantu. Mara hii Mama Constance alimupa wimbo wa kuanzisha peke yake, korali nzima ikimufuata.

"Banisikie mara moja tu, Déo. Mara moja, halafu baseme balivyozoea."

Alisema kweli. Nikamupa mugongo ku kitanda, na yeye akanipa wake.

Volan ikarudi ku kanisa kutoka Uvira inang'aa, unaweza kujitazama ndani na kuchana nywele. Madoa ya bluu yamekwisha. Nyufa zile zimekwisha, isipokuwa mumoja, pale karibu na tundu la bulon. Nikapitisha ukucha, ukakwama palepale.

"Nibizi, ufa huu ni wa nini?"

Akaangalia uso wangu. Akaangalia makanzu ya korali yaliyotundikwa ku uzio wa kanisa, yamepigwa pasi tayari. Maskini, sijaona muntu akiteseka vile.

"Itaenda," akasema. Akameza mate. "Labda itaenda."

Akaifunga ku moteri.

Asubuhi ya safari bantu bakajaa. Sasa lazima mujue habari ya kiti cha mbele. Kile kiti kimeharibu urafiki mingi kupita pombe. Baba Pasta ana nafasi yake ya daima, na ile ya pili bamama banaipigania mpaka kusukumana, juu ukifika ku kijiji umekaa mbele, bantu banakuona wewe ni muntu. Mama Constance aliwahi kukaa pale akimutangulia muke wa pasta mwenyewe, na balikaa kutoamkiana muda murefu sana.

Baba Pasta akaweka muguu mumoja ndani. Mi nikamukaribisha kwa adabu yote niliyofundishwa na mama yangu.

"Karibu, Baba Pasta. Volan iko hapa, unaona?" Nikagonga chuma katikati yetu. "Kipande cha kushoto kitakuja kwangu. Cha kuume ni chako."

Akaangalia viatu vyake. Vilikuwa viatu vizuri, vya ngozi. Aliviangalia kwa muda, kisha akatoa ule muguu.

"Leo," akasema, "muchungaji atakaa na kondoo."

Akapanda nyuma, na suti yake, ku benchi la mbao. Nikamuita Mama Constance. Akasema mbele kunamupa kizunguzungu. Nikamuita muzee wa komite. Akasema anapenda upepo. Nikaita majina ya bantu baliosukumana kwa ajili ya kile kiti miaka yote, na kila mumoja akapata ugonjwa mupya palepale mbele yangu. Ndiyo bazee banasema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sasa bote balikuwa bamewajua kunguni, kwa majina. Na bado hakuna aliyeshuka. Hakuna aliyesema, jamani, tuache. Kama mi peke yangu ndiye wa kukatwa, safari inaendelea.

Hasira ikanipanda mpaka ku masikio. Nikasema sawa. Kama ni hivyo, nitabapeleka mpaka Fizi, na nikirudi nikibebwa kama gunia, bote batanitazama kila Siku ya Mungu maisha yao yote. Nilikuwa natamani kabisa ile volan ipasuke. Muntu akikasirika anaweza kutamani kitu kama hicho. Nikawasha gari.

Mulango wa kuume ukafunguka. Ni Solange. Alikuwa ameshuka kutoka nyuma, ameshika kanzu ya korali mukononi isiguse matope. Akapanda, akafunga mulango, akavua viatu juu vilikuwa vipya vinamubana, na akaweka miguu yake pale, palepale.

"Unafanya nini?"

"Nakaa."

"Rudi nyuma."

"Endesha."

"Solange, ule ufa ungali pale."

"Nilikuwa mu komite, Déo, nilisikia. Nilinyoosha mukono juu ya miguu yako, ya kwangu sikuiuliza. Sasa nimeileta. Endesha, tutachelewa."

Nikakanyaga ambreyaji. Ilikuwa laini, Nibizi alifanya kazi yake. Nikaweka vitesi, gia ya kwanza. Nikaangalia chini mara moja tu, na nilikosea kuangalia. Alikuwa amepaka kucha za miguu rangi nyekundu, kwa ajili ya dada zake. Ile miguu inatangulia kuamka mu nyumba yangu kila siku, inakwenda ziwani kuchota maji, inarudi. Yangu nilikuwa nimeshaitupa kwa hasira, sikuwa na uchungu nayo tena. Ya kwake sikuweza. Nikazima moteri.

Nyuma kelele zikaanza. Baba Pasta akashuka, akaja ku dirisha langu.

"Kuna nini, Papa Déo?"

"Hatuendi."

"Lakini komite iliamua!"

Nikatoa ufunguo, nikaupitisha ku dirisha. "Ufunguo ni huu, Baba Pasta. Kiti hiki nakuachia."

Mukono wangu ukabaki pale nje na ule ufunguo. Akauangalia, akaweka mikono yake mu mifuko, akasema jua limekuwa kali. Benchi kwa benchi, bantu bakaanza kushuka, bamama na magunia yao.

Mi nikageuka kwa Solange. Kusema kweli nilingojea aniambie aksanti. Nilifikiri alikuja kunizuia, kwamba ilikuwa akili ya mwanamuke, na nilikuwa tayari kumusifu. Akanipiga kiatu begani.

"Kwa nini umezima?"

"Juu ya miguu yako."

"Mi nilitaka kufika!" Machozi yalikuwa yanamutoka mpaka ku kola ya kanzu. "Mama yangu anangoja! Nani alikuambia uzime?"

"Kumbe ulikuwa unakwenda kweli?"

"Nilikuwa nakwenda na wewe, mujinga! Ikipasuka, ipasuke. Ulifikiri ningekaa kule nyuma naimba, na wewe uko hapa peke yako?"

Na mi, ambaye najibu hata Baba Pasta, nikamupokea kile kiatu, nikakiweka chini karibu na miguu yake.