Mkono wa Katibu

Kiti cha kwanza walikitengeneza wenyewe, dada wawili, barazani kwa mama yao. Mama alikuwa amepigwa na kiharusi upande wa kushoto, na siku aliyotoka hospitali wanaume wanne walimshusha garini wakambeba juujuu kama gunia. Mkubwa, ambaye enzi hizo alikuwa muuguzi, alisema mama yake habebwi hivyo tena. Akatafuta kiti cha plastiki, magurudumu mawili ya baiskeli mbovu na spana ya kuazima. Mdogo, fundi cherehani, akashona mto. Kiti kilienda kiupandeupande kama kaa, lakini mama alifika nacho mpaka barabarani, akasalimiana na kila aliyepita, akacheka hadi machozi yakamtoka.

Shirika lilianzia hapo. Miaka ishirini na miwili baadaye lilikuwa na karakana ya mafundi tisa, ofisi ya vyumba vitatu, bodi ya watu saba, na watu zaidi ya elfu waliokuwa wakienda sokoni, shuleni na kwenye ibada kwa viti vyake. Mkubwa ndiye aliyekuwa mkurugenzi. Watu walimwita Mama Spana, kwa kuwa hakuna kiti kilichotoka getini kabla yeye hajainama, akatikisa magurudumu, akakaza nati kwa mkono wake na kutia sahihi kwenye kadi. Wageni wakubwa walifika wamevaa tai wakamkuta yuko chini ya kiti, miguu tu ndiyo inayoonekana.

Naye Mama Spana alimwita mdogo wake Sindano, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake, na jina likamganda. Sindano hakuajiriwa na shirika. Alikuwa na duka lake la kushona mtaa wa pili. Lakini katibu wa bodi alikuwa yeye tangu siku ya kwanza. "Mwandiko wake unasomeka," dada yake aliwaambia watu, "na haogopi mtu. Hata mimi haniogopi, na nimembeba mgongoni!" Walikaa nyumba moja, nyumba ya wazazi, kila mmoja na chumba chake, jiko moja. Mkubwa hakuolewa, mdogo alifiwa na mume mapema. Wakazeeka pamoja bila kulipanga.

Siku mambo yalipoanza kuharibika, fundi mkuu wa karakana alikuja dukani kwa Sindano asubuhi, mikono mitupu, hana hata suruali ya kupunguza. Akakaa kwenye benchi la wateja akawa anayatazama mafuta kwenye vidole vyake.

"Kuna kiti kimekwenda na mtu," alisema hatimaye. "Yule baba fundi viatu. Mteremko ule wa nyuma ya shule. Breki ya kushoto haikukamata."

"Mzima?"

"Mzima, ila mkono umevunjika. Wa kulia." Akavifuta vidole gotini. "Breki haikuwa na nati, dada. Haikulegea. Haikuwekwa kabisa. Na kadi ina sahihi ya mkurugenzi."

Sindano alizima cherehani. Fundi viatu hakuwa na miguu tangu ujana wake. Mikono ndiyo iliyomlisha yeye na watoto.

"Dada yangu hawezi kupitisha kiti kisicho na breki."

"Mwaka mzima amekuwa akivipitisha," fundi mkuu alisema, sauti imeshuka. "Mimi ninavikagua nyuma yake akishaondoka. Hakuna anayejua ila mimi na naibu wake. Naye naibu anaandika upya barua, maana barua moja dada aliipeleka mara tatu, na ile nafasi ya ufundi aliwaahidi watu wawili. Tuliona tumsitiri. Ametulea. Jumanne nilikwenda kumzika shangazi yangu, ndipo kiti hiki kikatoka."

"Mwaka mzima!" Sindano alisimama. "Mnamficha, na bodi ipo? Na mimi katibu sijui kitu?"

Fundi mkuu alimwinulia macho, bila ubishi. "Mnalala nyumba moja, dada. Hukuona?"

Sindano aliketi tena. Aliona. Aliona mchuzi uliotiwa chumvi mara mbili, funguo ndani ya ndoo ya mchele, hadithi moja inasimuliwa jana na leo kwa vituo vilevile. Kila mara alijiambia ni uchovu, kazi nyingi, uzee nao hauji mikono mitupu. Mtu akitaka kutoona, hakosi kisingizio.

Mchana huohuo yeye na dada yake walikwenda kumwona fundi viatu hospitali. Mama Spana alikaa kando ya kitanda, akaushika ule mkono usiovunjika, akalia bila kujizuia. Akamwomba radhi yeye, akamwomba mkewe, akasema kosa ni lake, asilaumiwe fundi yeyote. Sindano aliyesimama miguuni mwa kitanda alijiona mjinga kwa hofu zake zote. Tazama, dada yake ni yuleyule. Mtu mwenye akili pungufu angesema hivi?

Walipofika getini, Mama Spana alijifuta uso kwa ncha ya mtandio, akamgeukia.

"Masikini yule baba," alisema. "Kapatwa na nini?"

Sindano alidhani hakusikia vizuri. Akamtazama dada yake usoni, na usoni mle mlikuwa na huruma tupu, huruma ya mpita njia.

Daktari alithibitisha wiki iliyofuata. Ni maradhi ya kusahau, alisema. Yanaweza kwenda polepole, lakini hayarudi nyuma. Mama Spana alimsikiliza kwa heshima, kama muuguzi anavyomsikiliza daktari, na kwenye ngazi akasema kijana yule anasema vizuri ila hajakomaa.

Sindano alijaribu njia ya nyumbani kwanza. Jumapili alichemsha chai, akamkalisha dada yake jikoni.

"Dada, pumzika. Mwachie naibu. Andika barua mwenyewe, watu wakuage kwa heshima zako zote."

"Siku nikishindwa nitajua mwenyewe."

"Siku yenyewe ndiyo hii, dada."

Mama Spana aliweka kikombe chini. "Unataka kiti changu?"

"Mimi? Mimi mshona mito?"

"Basi nani kakutuma?"

Mara tatu walizungumza, mara tatu wakaishia hapo hapo. Mara ya tatu dada yake hakukumbuka kwamba kulikuwa na ya kwanza na ya pili. Wakati huohuo viti vilikuwa vikitoka. Fundi mkuu alikuwa hapumziki, halali kwa wasiwasi. Akiugua siku moja, itakuwaje? Sindano aliwafikiria wale watu elfu na zaidi, kila mmoja na mteremko wake. Akamwandikia mwenyekiti wa bodi barua, kwa mwandiko wake ule unaosomeka, akaomba kikao.

Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa taratibu. Kabla ya kufungua kikao alimvuta Sindano pembeni, kwenye korido iliyojaa maboksi ya mipira ya magurudumu.

"Katibu, huyu ni ndugu yako wa damu. Unaweza kutoka nje hoja hii ikijadiliwa. Hakuna atakayekulaumu."

Sindano alitamani kutoka. Alitamani kwenda nyumbani, kufunga mlango, kisha aje kuambiwa kwamba wengine wameamua. Lakini aliwajua wale watano waliokuwa ndani. Mmoja Mama Spana alimsomesha, mwingine mtoto wake anatembelea kiti chake. Akitoka yeye, watatafuta maneno mazuri, watampa "miezi sita ya uangalizi," na karakana itaendelea kuficha.

"Nitabaki," alisema.

Mwenyekiti aliwasomea ripoti ya ajali, kisha maelezo ya fundi mkuu, ambaye alikuwa amekuja mwenyewe na sasa analia waziwazi karibu na mlango. Akamwuliza mkurugenzi kama ana la kusema. Mama Spana alisimama. Alisema vizuri, hilo ndilo lililowaumiza. Alieleza jinsi kiti kinavyotakiwa kumfuata mtu na siyo mtu kukifuata kiti, akawataja wagonjwa wa miaka ya mwanzo kwa majina na vipimo vya nyonga zao. Halafu akakaa, na baada ya muda mfupi akasimama tena, akaanza upya hotuba ileile, kwa salamu zilezile.

Wakamwacha amalize.

"Wanaokubali mkurugenzi apumzishwe kuanzia leo," mwenyekiti alisema, "wanyooshe mikono."

Hapakunyooka mkono. Mmoja alikuwa akisoma karatasi isiyo na maandishi. Feni ilizunguka juu yao. Sindano aliweka kalamu mezani, akanyoosha mkono wa kulia mpaka juu, kama mtoto wa shule. Ndipo wengine wakafuata, mmoja mmoja, kana kwamba walikuwa wakingoja ruhusa ya mwenye msiba.

Mama Spana hakuwatazama wengine. Alimtazama mdogo wake kwa muda mrefu, na wakati ule akili yake ilikuwa safi kabisa, Sindano angeapa.

"Andika vizuri, Katibu," alisema. "Andika na saa."

Akauchukua mkoba wake, akatoka. Sindano akaandika. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini asubuhi.

Nyumbani hawakugombana. Ingekuwa afadhali. Kwa wiki mbili Mama Spana hakumwita mdogo wake kwa jina la utani wala kwa jina lolote la nyumbani. "Katibu, pisha." "Katibu, maji yamechemka." Sindano alipisha, akaepua maji, akalia bafuni bomba likiwa wazi.

Kisha hasira nayo ikaanza kusahaulika, na hapo ndipo pakawa pagumu zaidi. Asubuhi moja Mama Spana alitoka chumbani amevaa nguo za kazi, mkoba begani. "Twende, tutachelewa." Sindano alikuwa ameapa kutomdanganya, uongo wa kumsitiri ndio uliomvunja mkono fundi viatu. Akamkalisha, akamweleza taratibu kwamba amepumzishwa. Dada yake aliposikia aliangua kilio kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba. "Nani? Nani kanitoa?" Kesho yake akavaa tena. Akaelezwa tena, akalia tena, na kilio kilikuwa kipya. Asubuhi kumi na moja Sindano alimpa dada yake habari ile. Ya kumi na mbili moyo ukamshinda.

"Leo sikukuu, dada. Ofisi imefungwa."

"Aa, kumbe!" Mama Spana akacheka, akavua viatu. "Ungeniambia mapema, nisingejisumbua."

Tangu siku ile kila siku ikawa sikukuu. Sindano alifunga duka, akahamishia cherehani sebuleni, akawa anawashonea watu wa karakana mito huku anamwangalia mgonjwa wake. Shirika halikuanguka. Naibu alikalia kiti, kila breki sasa inakaguliwa na watu wawili, na fundi mkuu amerudi kulala usingizi. Mkono wa fundi viatu uliunga, ingawa vidole viwili havikunji vizuri na msumari mdogo humponyoka. Alikuja mara moja kumsalimu Mama Spana, akasema hana kinyongo. Mama Spana alimsifia kiti, akauliza kimetengenezwa wapi.

Mchana mmoja, mwaka wa pili, Sindano alikuwa akipiga pindo la mto, dada yake amekaa nyuma yake karibu na dirisha, kimya kama kawaida yake ya siku hizo. Ghafla akasema:

"Mdogo wangu, nikuambie jambo? Sijamwambia mtu."

Sindano alisimamisha cherehani. "Niambie, dada."

"Kazini kulikuwa na katibu. Mwembamba mwembamba. Nilimpenda, nadhani. Nilimwamini mno." Alikuwa akizikunja na kuzikunjua ncha za mtandio. "Siku waliponitoa, wote walikaa kimya, hata mmoja hakuthubutu. Yeye ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza."

Sindano hakugeuka. "Labda alikuwa na sababu."

"Sababu hazikosi. Nilijua mimi kwamba kichwa kimechoka. Nilijua kabla yao. Ila nilitaka yeye aje anishike mkono tutoke naye, kuliko kuunyoosha ule wake."

Nje mtu alikuwa akipiga msumari, akaacha, akapiga tena.

"Akija kukuomba msamaha?" Sindano aliuliza.

Mama Spana alifikiri kwa bidii, uso umekunjamana. "Ningemsikiliza. Lakini hajaja. Siku zote hizi, hajaja hata mara moja."

Sindano aligeuza kiti chake. Magoti yao yakakaribia kugusana. Alikuwa amelisema neno hili peke yake mara nyingi, bafuni na kitandani, na sasa lilitoka jembamba.

"Dada. Katibu yule ni mimi."

Dada yake alimtazama, akamkagua toka nywele mpaka miguu, kisha akacheka, kicheko chake kile kikubwa cha zamani, akampiga begani.

"Wewe! Acha utani wako. Wewe ni mdogo wangu. Ungekuwepo wewe siku ile, nani angethubutu?"

"Dada, nisikilize…"

"Nimekubeba mgongoni, nakujua. Huwezi."

Na mkono wake ukabaki begani pale. Sindano aliushika kwa mikono yake miwili, akauegemezea shavu, akakaa hivyo mpaka dada yake alipouondoa mwenyewe, akisema amechoka, anataka kulala kidogo.