Viatu vya Kumpokea Mkaguzi

Mjukuu wangu tulimwita Askari, maana hakuna aliyeingia nyumbani bila kupekuliwa. Alikuwa na miaka miwili na ushei. Haoni ila mwanga wa dirishani, hasikii hata ukigonga sufuria kisogoni kwake. Ukiingia unamgusa bega, unampa mkono, naye anapapasa: ndevu, huyu babu; pete, huyu mama; bangili ya uzi, huyu mwalimu.

Mwalimu alitumwa na kituo cha watoto wasioona na wasiosikia, kila Alhamisi. Ndiye aliyemtembeza peku, kutoka mkekani hadi sementi baridi ya jikoni, hadi zulia la mlangoni, mpaka mtoto akaijua nyumba kwa nyayo. Ndiye pia aliyeanza kumfundisha maneno ya mkononi, alama za kugusana viganja, za kula na za kulala. Mimi nimezurura nchi na nchi, sijaona msafiri kama yule.

Kisha kituo kikasema kinatuma mkaguzi. Walimu wachache, watoto wengi. Asiyefaidika ampishe mwenzake. Mwalimu mwenyewe alikatazwa kuwepo, asije akampigia mwanafunzi wake debe.

"Mtoto akifika jikoni peke yake tu mbele ya mkaguzi, Baba, tumepona," binti yangu aliniambia.

Asubuhi ya ukaguzi mama mkwe wake, mwenye nyumba, alimwogesha mtoto, akampaka mafuta akang'aa, akamvika soksi nene na viatu vipya vya ngozi.

"Mama, viatu hapana," binti yangu akasema. "Hatajua alipo."

"Mtu wa ofisi amkute mjukuu wangu peku, kama hana kwao? Waseme tumemtupa kwa sababu ni mlemavu?"

"Mzazi mwenzangu," nikaingilia, "mtoto huyu anaona kwa miguu."

"Na wewe unaona kwa mdomo. Ungetulia mahali pamoja, ungekuwa na nyumba yako ya kutolea amri."

Binti yangu akainama afungue kamba. Mkwewe akamshika mkono. Hapo hapo hodi ikapigwa.

Mkaguzi hakuwa mtu mbaya. Alimgusa bega, akampa mkono kama inavyotakiwa. Askari hakuupekua. Aliposimamishwa alikanyaga mara moja, akasita, kama sakafu imetolewa chini yake. Akakaa. Akajikunja. Akasinzia.

"Ni viatu!" Binti yangu akavivua mbio mbio, akamsugua nyayo. Wapi! Mtoto yule akishaogopa hujifungia usingizini, na hakuna mwenye ufunguo.

Mkaguzi alingoja, akatazama saa. "Samahani, mama. Naandika nilichokiona."

"Njoo kesho, kaka yangu. Kesho tu."

"Kesho niko kwa mwingine."

Nafasi ikapewa mtoto mwingine. Tuombe tena mwakani, wakatuambia, na kituo hakipokei aliyetimiza miaka mitatu.

"Angalau alitukuta wasafi," mama mkwe alisema. Akaingia chumbani, tukamsikia akilia. Hakuna aliyemfuata.

Sasa Askari anakwenda mwenyewe mlangoni, anakaa zuliani, anasubiri. Kwenda anakwenda vizuri mno, hagusi hata ukuta. Jana mama yake alipiga magoti mbele yake, atafute namna ya kumwambia kwamba mwalimu haji tena. Neno hilo mkononi hawana, hawakufika huko. Akamshika viganja, akavipangusa kimoja juu ya kingine, ile alama ya kumaliza kula.

Mtoto akanyoosha mikono, akasukuma pembeni sahani ambayo haikuwepo.